Mama Anayenyonyesha na Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu hutanda Nyandarua, na mafua huenea kwa urahisi. Mama anayenyonyesha akiugua, mara nyingi hushauriwa nyumbani aache kunyonyesha ili asimwambukize mtoto. Ushauri huo humnyima mtoto kinga wakati anapoihitaji zaidi.

Ukiwa na mafua, endelea kunyonyesha
Mafua huambukizwa kupitia matone ya kikohozi na mikono michafu, si kupitia maziwa. Mwili wako unapopigana na ugonjwa hutengeneza kingamwili, na hizo humfikia mtoto kupitia maziwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na uvae barakoa unaponyonyesha. Ukinunua dawa, mweleze mhudumu kwamba unanyonyesha, kwa kuwa baadhi ya dawa za kufungua pua hupunguza maziwa.

Kula na kunywa vya kutosha
Baridi hupunguza kiu, lakini mwili bado unahitaji maji. Kunywa kikombe cha maji, uji au supu kila unaponyonyesha. Njahi, ndengu, mayai, managu na terere huongeza nguvu na damu. Chai inywe saa moja au zaidi baada ya chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Hahitaji maji, hata yaliyopashwa moto.

Pasheni joto kwa usalama
Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Mvalishe mtoto soksi na kofia mkiwa nje, mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike shuka. Uso wake uwe wazi daima.

Nenda kituo cha afya mara moja iwapo:
• Mtoto anakataa kunyonya au ni mlegevu.
• Anapumua haraka, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.
• Mwili wake una joto kali au ni baridi kuliko kawaida.
• Titi lako ni gumu, lina maumivu, nawe una joto jingi mwilini.

Beba Kijitabu cha Mama na Mtoto. Kwa maswali mengine, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako.