Pumzi Inapopungua: Dalili za Mapema za Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Louisville, Columbus na Buffalo, zimo familia nyingi zilizopitia kambi kama Nyarugusu nchini Tanzania au Kakuma nchini Kenya, ambako chakula hupikwa kwa kuni na mkaa. Moshi uliovutwa kwa miaka mingi huweza kudhuru mapafu hata ya mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara. Madhara hujitokeza polepole, mara nyingi baada ya umri wa miaka 40. Njia za hewa huwa nyembamba, na pumzi hutoka kwa shida. Madaktari wa Marekani huuita ugonjwa huu COPD.

Dalili za mapema
• Kikohozi kisichoisha
• Makohozi ya mara kwa mara
• Kuhema wakati wa kupanda ngazi au kubeba mzigo
• Mlio kama wa filimbi kifuani
• Maambukizi ya kifua yanayorudi mara kwa mara

Wengi hudhani kwamba ni uzee au baridi tu. Ni kweli kwamba hewa ya baridi huzidisha kikohozi. Lakini mtu anayelazimika kusimama apumzike huku wenzake wa rika lake wakiendelea kutembea, anapaswa kupimwa.

Kipimo
Mgonjwa huvuta pumzi ndefu, kisha hupuliza kwa nguvu katika mrija uliounganishwa na mashine. Hakuna sindano. Mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa kama zamani, lakini dawa za kuvuta na mazoezi hupunguza dalili, na kuacha sigara hupunguza kasi ya ugonjwa. Msaada wa bure wa kuacha sigara hupatikana kwa simu 1-800-784-8669.

La kumweleza daktari
Daktari huenda akauliza juu ya sigara pekee. Mgonjwa ataje pia miaka aliyopika kwa kuni, kazi zenye vumbi, na kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake.

Hatari zisizosubiri
Kikohozi cha wiki 3 au zaidi, pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda au damu katika makohozi, huenda kikawa kifua kikuu. Mgonjwa aende kliniki haraka. Akishindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka buluu, ipigwe simu 911 mara moja.