Ukianza Kazi Katika Makao ya Vijana Kitui na Makueni

Kijana asiye na makao Ukambani si rahisi kumtambua. Mchana anabeba mizigo sokoni Kitui, anaosha malori Emali au Mtito Andei, anauza maji na njugu kwa abiria wa Mwingi kwenye barabara ya Garissa. Usiku ndipo inapojulikana kwamba hana pa kwenda. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Baadhi ya utakaowapokea wamewahi kufika huko kwa basi au kwa lori, wakarudi.

Wanaondoka nyumbani kwa sababu ya kufiwa, kipigo, karo, mimba, au mzazi kuoa au kuolewa upya. Njaa huzidisha yote. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi, na nyumba iliyokuwa ikijikaza ikashindwa. Lakini karibu kila kijana utakayempokea ana musyi, yaani kwao, mahali fulani: kuna shamba, kuna susu (nyanya yake), kuna mjomba, kuna ukoo. Usianze kazi ukidhani umepata mtoto wa kulea. Umepata mtoto wa mtu, na kazi ni kumlinda leo huku ukianza leo hii kumtafutia njia ya kurudi kwa watu wake, ikiwa kurudi ni salama.

Kabla hujakubali kazi

Ombeni cheti cha maadili mema wote mnaoajiriwa, hata mpishi na mlinzi. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, na alama za vidole unaweza kupigwa kwenye Kituo cha Huduma cha Kitui au cha Wote. Kituo kisichokuuliza cheti hicho hakijali ni nani analala karibu na watoto, na mimi nisingefanya kazi hapo.

Nawe uliza maswali yako. Je, makao yamesajiliwa? Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwezi Novemba 2017, kwa hivyo ukiambiwa kituo kimefunguliwa juzi, omba kuona karatasi na umuulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Kuna sababu ya ukali huo. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto walelewe katika familia, na makao yawe mahali pa kupitia kwa muda. Msimamizi anayejivunia kwamba watoto wake hawaondoki kamwe hajaielewa sheria hiyo.

Mkataba wako pia usiuonee haya. Kazi ya kuwasaidia maskini bado ni kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba unaofika miezi 3 au zaidi uandikwe, muda wa majaribio usizidi miezi 6 mwanzoni, upumzike walau siku 1 kati ya 7, na upate likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mtu anayekesha zamu za usiku mfululizo huanza kufokea watoto bila kujua.

Usiku wa kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wageni wengi wa kazi hii huharibu kwa haraka yao. Mtoto ameletwa na chifu, na polisi, au na mwanamke mwenye kibanda stejini. Amechoka, amechafuka, anamwogopa kila mtu. Afisi inataka fomu ijazwe. Fomu ingoje. Msalimie, na kama Kikamba ndicho anachokielewa zaidi, msalimie kwa Kikamba. Mpe chai na chakula; sahani ya muthokoi wa moto itamtuliza kuliko maswali yako ishirini. Mwonyeshe choo kilipo, taa inawashwa wapi, mlango unafungwa vipi, na nani atakuwa macho usiku kucha. Mtaje mtu huyo kwa jina.

Usimvue nguo wala kumnyoa kwa lazima. Maji, sabuni na nguo safi ziwekwe karibu naye, kisha aulizwe. Zile nguo chakavu huenda ndizo mali yake yote, na pengine katika pindo mna namba ya simu. Akilala na viatu miguuni, mwache. Ukikuta kipande cha chapati chini ya mto, usimwaibishe mbele ya wenzake. Aliyelala njaa siku nyingi huweka akiba, naye ataacha mwenyewe akishaamini kwamba kesho kuna uji. Kama ana chupa ya gundi, usimpokonye kwa nguvu. Mwambie kanuni ya nyumba kwa sauti ya chini, mpe nafasi ya kuikabidhi, na umjulishe msimamizi na mhudumu wa afya.

Mwite kwa jina lake. Neno chokoraa lisisikike katika kituo chenu, hata kwa mzaha wa wafanyakazi jikoni.

Asubuhi inayofuata, kama hajatimiza miaka 18, afisa wa watoto lazima awe amejulishwa. Mtoto hawekwi kituoni kwa hisani yenu tu. Kuna taratibu za idara na za mahakama ya watoto. Simu ya 116 ya kuwasaidia watoto hupokelewa bila malipo saa 24, nayo itakufaa hasa usiku ambapo afisi zimefungwa.

Andika ulichoona

Kitabu cha zamu ndicho kitakachosomwa na afisa wa watoto, hakimu, na pengine mtoto mwenyewe akiwa mtu mzima. Usiandike “mkaidi” wala “mwongo.” Andika hivi: “Saa 2 usiku alikataa kuingia bwenini. Alisema anaogopa giza. Tuliwasha taa ya nje, akaingia saa 2 na nusu.” Anayesoma maneno hayo anajua la kufanya kesho yake. Kitabu kifungiwe kabatini, na picha za watoto zisiende kwenye simu yako wala kwa wafadhili bila idhini halali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto wa Mutomo sawasawa na mtu mzima wa Nairobi.

Akikuambia siri ya kuumizwa kingono, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia, na uwataje. Usimhoji, sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyasema. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, iwe ni ya rufaa ya Kitui, ya Makueni pale Wote, au iliyo karibu zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa maana plastiki huozesha ushahidi. Fomu P3 hutoka polisi, na simu ya bure ya 1195 husaidia waliodhulumiwa kijinsia. Fanyeni haya hata anayetajwa akiwa mfanyakazi mwenzenu, mhubiri, au mfadhili. Nawe mwenyewe usijifungie chumbani na mtoto, usimpe namba yako binafsi ya simu, usimpeleke kwako wikendi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtazama kwa ukali mtu aliyepewa dhamana akaitumia vibaya, na mipaka hii inakulinda wewe pia.

Kumtafuta mtu wake

Usimwulize tu “baba yako ni nani?” Wengi wamelelewa upande wa mama, na kuna waliozaliwa katika nyumba ya iweto, ambako mwanamke ameolewa na mwanamke mwenzake ili nyumba ipate watoto; swali hilo huwafungia mlango. Uliza nani alikuwa akimpikia. Uliza walikuwa wakichota maji mto gani, shule ilikuwa wapi, soko lilikuwa siku gani ya juma, ukoo wao ni upi. Kwa majibu hayo, chifu na naibu wake, walimu na wazee wa kijiji wanaweza kukufikisha mlangoni. Nenda na afisa wa watoto, na mara ya kwanza usiende na mtoto. Anayefunguliwa mlango akafukuzwa mara ya pili huumia kuliko mwanzo.

Kwamba susu anaweza kuwa jibu, Kitui imekwisha kuonyesha. Kule Kwa Vonza, Kijiji cha Nyumbani kilianza 2006 kwa juhudi za Padri Angelo D'Agostino, katika shamba la ekari 1,000 hivi, ili mabibi na mababu waliopoteza wana wao kwa UKIMWI waishi na mayatima chini ya paa moja, kila nyumba na jiko lake. Si kila kaunti itapata ekari hizo, lakini ushauri uliomo ni wa bei nafuu: kabla ya kuongeza kitanda bwenini, uliza yule nyanya anakosa nini ili aweze kumpokea mjukuu. Mara nyingine ni gunia la mahindi, sare ya shule, na mtu wa kumtembelea kila mwezi.

Kumtembelea huko kusikome baada ya picha ya kukumbatiana. Panga tarehe, uandike, uende. Zungumza na mtoto peke yake nje ya nyumba, uone analala wapi, upite shuleni.

Anayekaribia miaka 18 anahitaji mpango tofauti, maana siku hiyo akitoka mikononi mwa sheria ya watoto bila karatasi, amerudi stejini. Akifika miaka 16, anzeni kutafuta cheti cha kuzaliwa. Kama wazazi wamekufa, tafuteni vyeti vya vifo na ndugu atakayesimama naye mbele ya chifu kwa ajili ya kitambulisho. Mwulizeni anataka ufundi gani, kisha mwende naye chuo cha ufundi cha kaunti kuona nafasi na karo, akiwa bado ana kitanda chenu cha kurudia jioni.