Dhahabu ya simu mbovu

Swali: Nakusanya simu mbovu hapa Mtongwe. Fundi mmoja ataka tuchemshe bodi za simu hizo kwa asidi uani, tutoe dhahabu. Je, kuna dawa isiyodhuru?

Jibu: Ndugu yangu, nakusihi, msichemshe. Asidi ya nitriki ikichanganywa na ya haidrokloriki huyeyusha dhahabu kweli, lakini moshi wake wa kahawia huchoma mapafu, na madhara huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Dawa nafuu zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, huchanganya ethilini glikoli na kolini kloridi, ambayo hutiwa hata katika chakula cha kuku. Wakiongeza iodini, dhahabu huyeyuka bila moshi huo. Ila glikoli hiyo ni sumu ikinywewa, na uani mna watoto. Pelekeni bodi zikiwa nzima kwenye kituo chenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.