Mpasuko, Mkato au Kovu? Istilahi za Kiswahili katika Kueleza Picha za MRI za Goti Lililofanyiwa Upasuaji

IKISIRI

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kumweleza mgonjwa matokeo ya kipimo cha MRI baada ya goti lake kufanyiwa upasuaji. Hoja yake ni kwamba neno moja, *mpasuko*, hubebeshwa maana tatu ambazo daktari huzitenganisha, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuzitenganisha vilevile.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa goti anayetoka Mbagala au Tandika, wilayani Temeke, na mwenzake wa Tandale au Mwananyamala, wilayani Kinondoni, huanzia katika hospitali za karibu. Matatizo makubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Katika safari hiyo mazungumzo huwa kwa Kiswahili, lakini ripoti ya picha kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa hupokea tafsiri ya papo kwa papo, na kwa tafsiri hiyo huamua kama atakubali kupasuliwa tena.

2.0 Goti na Picha Yake

Kati ya fupa la paja na mfupa wa muundi mna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, ambazo husambaza uzito wa mwili. Jina lake la kitaalamu, *meniskasi*, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwezi mdogo. Kwa kuwa Kiswahili kina neno *hilali*, hapa inapendekezwa istilahi *gegedu hilali*.

Eksirei huonyesha mifupa, bali gegedu haionekani. MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuamsha viini vya haidrojeni, ambavyo vingi vimo katika maji na mafuta ya mwili. Gegedu hilali nzima huonekana nyeusi. Katika picha zinazodhihirisha maji, ute wa goti huonekana mweupe. Katika goti lisilowahi kupasuliwa, mstari mweupe unaofika ukingoni mwa gegedu huhesabiwa kuwa dalili ya kuchanika.

Baada ya upasuaji kanuni hiyo hulegea. Mahali paliposhonwa paweza kuendelea kung'aa kwa miaka, hata kama pamepona. Aidha, gegedu ikipunguzwa, mstari uliokuwa ndani waweza kufika ukingoni kwa sababu tu ukingo wa awali umekatwa. Hapana budi, basi, kutafuta dalili zenye uzito zaidi: ute ulioingia ndani ya mstari, kipande kilichohama, au mstari mahali pasipokuwa nao awali. Picha za kabla ya upasuaji hulinganishwa na mpya, na pengine dawa yenye gadolini hudungwa gotini ili mchaniko udhihirike.

3.0 Mzizi Mmoja, Maana Tatu

Kitenzi *pasua* hunyambulika kuwa *pasuka*, katika kauli ya kutendeka, na *pasuliwa*, katika kauli ya kutendwa. *Gegedu imepasuka* hutaja hali bila mtenda. *Gegedu imepasuliwa* humdokeza mtenda, yaani daktari. Nomino *mpasuko* huifuta tofauti hiyo. Mathalani, mchezaji wa mpira wa Temeke akiambiwa kwamba "picha inaonyesha mpasuko", hawezi kujua kama ni alama ya kisu, mahali palipopona, au jeraha jipya. Ni hilo la tatu pekee linaloweza kumrudisha katika chumba cha upasuaji.

Inapendekezwa kwamba ya kwanza iitwe *mkato*, ya pili *kovu*, na ya tatu *mchaniko mpya*. Nguo iliyoshonwa na fundi huonyesha mshono. Hakuna anayesema imechanika kwa sababu tu mshono unaonekana.

4.0 Kusagika na Kuisha Mafuta

Kuhusu uchakavu wa goti, misemo iliyoenea ni *magoti yamesagika* na *mafuta ya magoti yameisha*. Msemo wa kwanza hutaja mwisho wa safari, mfupa unapokutana na mfupa, na kuficha mwanzo wake, ambao ni kulika kwa gegedu. Mwaka 1948 Fairbank alieleza mabadiliko ya eksirei baada ya gegedu hilali kuondolewa, yakiwamo kupungua kwa nafasi kati ya mifupa. MRI huweza kuonyesha gegedu iliyopungua na majimaji ndani ya mfupa mapema zaidi. Msemo wa pili hupotosha, kwani goti gonjwa mara nyingi hujaa ute badala ya kukaukiwa. *Kulika kwa gegedu* ni istilahi sahihi zaidi.

Hata hivyo, picha si hukumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu watu wa miaka 50 hadi 90 wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 61 ya waliokutwa na mchaniko hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti katika mwezi uliotangulia. Mweleza picha hana budi kutofautisha *picha inaonyesha* na *mgonjwa anaumwa*.

5.0 Hitimisho

Usanifishaji wa istilahi ni jukumu la BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na utafiti wake ni kazi ya TATAKI, iliyorithi shughuli za TUKI mwaka 2009. Hata hivyo, istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Daktari anayesema "hili ni kovu, si mchaniko mpya" huwa amemwezesha mgonjwa kuamua juu ya mwili wake kwa lugha anayoielewa.