Hesabu Watu Kabla ya Kamba Kufunguliwa
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu matembezi ya boti, kwa familia, shule na parokia za Luofu na jirani zake

Ukipanda vilima vya Kanyabayonga asubuhi isiyo na ukungu, unaliona bonde la Rwindi limetandikwa chini kama mkeka, na mwisho wake maji ya Ziwa Edward. Wengi wetu Luofu tunalijua ziwa hilo kupitia sahani: tilapia na samaki wa chumvi wanaopandishwa kwa pikipiki kutoka Vitshumbi hadi masoko ya Kayna na Kirumba. Kupanda boti kwa raha tu, bila nyavu wala mzigo wa kuuza, ni jambo ambalo watu wa milima hii wachache wamelifanya.

Hamu ipo, nayo ni njema. Matokeo ya ekzeta, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, finaliste wakiisha kumwagiana unga kichwani, safari ya ziwani ndiyo ya kwanza kutajwa. Kwaya zinapanga pikiniki. Maharusi wanataka picha majini. Hatukuandika haya ili kumtisha mtu abaki nyumbani. Tumeandika kwa sababu mtu wa mlimani hufika ufuoni bila kujua aulize nini, na nahodha hana desturi ya kujibu asichoulizwa.

Tunajua pia kwamba vita vimeziba mara nyingi njia ya kushuka ziwani, na kwamba baadhi yenu mtasoma kurasa hizi mkiwa mmekimbilia Butembo, Beni au Uganda. Yaliyomo yatawafaa kwenye ziwa lolote mtakalopandia boti.

Marina ni kitu gani

Kwenye pwani za jua na watalii, kusini mwa Ufaransa na hata Kilifi na Mtwapa nchini Kenya, kuna bandari ndogo za mashua za starehe. Huitwa marina. Pichani macho yanakimbilia mashua nyeupe na matanga yake, lakini kitu chenye thamani pale hakionekani pichani. Katika marina inayoendeshwa vizuri kuna mtu anayejua boti gani imetoka, ina watu wangapi na inatazamiwa kurudi saa ngapi. Isiporudi, anatuma nyingine kuitafuta. Mtu huyo huyo, upepo ukibadilika, ana uwezo wa kusema leo hakuna kutoka, na wenye pesa zao wakatii.

Eneo letu lina mifano yake. Bujumbura, kwenye Ziwa Tanganyika, ina Cercle Nautique. Dar es Salaam ina klabu ya mashua Msasani. Ng'ambo ya Ziwa Edward, huko Mweya ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth ya Uganda, boti huwatembeza wageni kwenye Mfereji wa Kazinga kuwatazama viboko na tembo, na abiria hukaa vitini wakiwa wamevaa jile, yaani vazi la kuelea. Goma nayo ina Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo, mabaki ya ukingo wa volkeno, ambako Hifadhi ya Virunga ilijenga kambi ya mahema. Wageni walipelekwa kwa boti, na wakifika walipiga kasia mitumbwi midogo.

Sasa tushuke kwetu. Upande wa Kongo wa Ziwa Edward kuna vijiji vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa ndani ya Hifadhi ya Virunga: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Vina ufuo, mitumbwi ya mbao, moteri za kufungwa nyuma, na makorongo wakubwa wanaongojea matumbo ya samaki. Marina hakuna. Ukienda kule kutembea unapanda chombo cha mvuvi, kilichotengenezwa kubeba nyavu na watu wanaoyajua maji. Kazi ya kuhesabu, ambayo mahali pengine ina mwenyewe, hapo inabaki mikononi mwako wewe abiria.

Boti mbili

Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilipinduka kwenye Ziwa Victoria karibu na ufuo wa Mutima, wilaya ya Mukono, Uganda. Walikuwa vijana wa mjini na familia zao, muziki ukipigwa, wanakwenda kustarehe. Zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi walisema boti ilizidisha watu na haikuwa na leseni. Jile zilikuwamo, lakini wengi hawakuzivaa. Waliookolewa walitolewa majini kwanza na wavuvi wa karibu, kabla ya serikali kufika.

Tarehe 3 Oktoba 2024 ikawa zamu yetu. Boti MV Merdi ilitoka Minova kwenda Goma kupitia Ziwa Kivu. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, ndiyo maana watu walijaa bandarini. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ilikuwa na watu 278, ilhali uwezo wake ulikuwa kama 80. Ilizama ikikaribia gati la Kituku, mchana, mbele ya macho ya ndugu waliokuja kupokea wageni wao. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyabiashara, akina mama na watoto wasio na njia nyingine. Tunazitaja boti hizi mbili pamoja kwa sababu maji hayakuuliza nani alikwenda kucheza na nani alikwenda kutafuta chakula.

Mbona boti hupinduka hata ziwa likiwa tulivu? Fikiria beseni la kuogea likielea na mtoto ameketi ndani. Likiwa na nafasi, akiinama kidogo, linayumba na kurudi. Lijaze mpaka ukingo ubaki vidole viwili juu ya maji, kisha mtoto asimame: maji yanaingia upande mmoja, yanaongeza uzito upande huohuo, na haliinuki tena. Boti ya watu 80 ni vivyo hivyo. Ukingo ukishakaribia maji, kinachosubiriwa ni mtu mmoja kupaza sauti "tazama kule!" na simu thelathini kuhamia upande mmoja kupiga picha.

Kabla ya kupanda, weka kiganja chako wima ubavuni mwa mtumbwi. Kama kati ya maji na ukingo hakuna urefu wa angalau kiganja na nusu hali watu wameshaingia, tunakushauri usipande.

Jile

Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri wa Ziwa Kivu avae jile. Agizo ni zuri. Lakini mara nyingi ufuoni utaona jile zimefungwa kwa kamba nyuma ya boti, rundo zima, kwa ajili ya kuonyeshwa mkaguzi. Jile iliyofungwa haimwokoi mtu. Mtumbwi ukipinduka hupinduka kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili au tatu, na hakuna aliyewahi kutafuta kifungo chini ya maji akakipata kwa utulivu.

Omba uishike mkononi. Ibonyeze kwa dole gumba: povu zima linarudi lilivyokuwa, lililochakaa linabaki na shimo au linavunjika kama mkate mkavu. Inuse. Ikinuka uvundo, imekunywa maji. Tazama mishipi yote kama ina vifungo, na vuta kila kimoja kwa nguvu. Kisha ivae, uifunge, na mwambie mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwako. Majini itatoka kichwani ikuache. Hapa ndipo watoto wetu wanapopotea. Jile ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita ni mtego. Mzazi, kama hawana ya mtoto, mtoto abaki ufuoni na mmoja wenu abaki naye. Atalia, ndiyo.

Shule au parokia inayopanga safari inaweza kununua jile zake yenyewe, hata kumi, na kuwapeleka watu kwa zamu. Zijaribuni hapa hapa Luofu kabla ya kushuka, kwenye pipa la maji, kila moja ikiwa imefungiwa jiwe la kilo nne. Inayozama msiipeleke.

Viboko, mazuku na mpaka usioonekana

Ziwa Edward ni la viboko. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na karibu 30,000. Vita na ujangili viliwamaliza wengi, lakini waliobaki wanatosha kupindua mtumbwi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na hurudi alfajiri, kwa hiyo saa hizo mbili ufuo ni wake. Usisimame kamwe kati yake na maji mengi. Mchana, ukiona masikio na pua tu, mwambie nahodha azunguke mbali. Picha nzuri ya kiboko hupigwa na mtu aliye mbali naye.

Ziwa Kivu lina hatari ya namna nyingine. Gesi nyingi ya kaboni na methani imelala kilindini, na kuogelea hakuiamshi. Hatari iliyo karibu na mwogeleaji ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia kwenye mabonde ya ufuo wa Goma. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo humkuta kwanza mtoto na aliyelala. Msitandike mkeka wa pikiniki kwenye shimo. Waulizeni wenyeji, wanazijua sehemu zake kwa majina.

Na kumbukeni kwamba mpaka wa Kongo na Uganda unapita katikati ya Ziwa Edward bila alama yoyote. Ziwa hili liliwahi kupewa jina la Idi Amin mwaka 1973, urafiki wa nchi hizo ulipokuwa mtamu. Julai 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizo mbili walipigana juu yake na watu wakafa. Chombo cha matembezi kikae karibu na ufuo wa kwao.

Ikipinduka

Shika boti. Mtumbwi wa mbao uliopinduka mara nyingi huendelea kuelea, na waokoaji huuona upesi kuliko kichwa cha mtu. Usianze kuogelea kwenda nchi kavu hata kama inaonekana karibu. Majini macho hudanganya. Kusanyikeni, watoto katikati.

Wewe uliye ufuoni, usimrukie anayezama kama hukufundishwa, atakushika mzame wawili. Mtupie bidoni tupu ya manjano ya lita 20, iliyofungwa vizuri na yenye kamba. Inamwelesha mtu mzima bila shida. Akitolewa bila pumzi, usimning'inize miguu juu na usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara tano, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 na upulize mara mbili, tena na tena, mpaka apumue au mganga afike.

Neno la kusema ufuoni

Vijana wetu wamelelewa kutomjibu mkubwa, na nahodha ni mkubwa. Kwa hiyo tunawapa maneno yenye heshima: "Papa kapiteni, samahani, boti hii inabeba watu wangapi?" Akitaja idadi, hesabuni kwa sauti, kila mmoja na namba yake, kama darasani. Andikeni majina kwenye karatasi mbili. Moja ibaki na mtu wa ufuoni mwenye simu, pamoja na saa ya kurudi. Mtu akizidi mmoja, mwambieni kapiteni kwamba mtangoja zamu ya pili, na mshuke kabla kamba haijafunguliwa. Nauli mliyolipa mwachieni.