Kaa Chini, Piga Hesabu: Kuchagua Chuo kwa Imani na kwa Akili



Vijana wenzangu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipoi. Swali ni lile lile: "Kaka, niombe chuo gani?" Leo tujifunze pamoja tukiwa na Luka 14:28-30. Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara: si atakaa kwanza apige hesabu aone kama ataumaliza? Hapo anafundisha gharama ya kumfuata Yeye, lakini anatumia jambo ambalo kila mwenye akili analijua: ujenzi unaanza kwa kukaa chini.

1. Yatazame matokeo yako jinsi yalivyo

A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa kawaida, shahada ya kwanza inataka masomo mawili ya tahasusi yanayoendana na kozi, yenye jumla ya pointi 4. Tuseme una PCB yenye D, D, E. Masomo mawili ya juu yanakupa 4. Umefika mlangoni, lakini kufika mlangoni siyo kuingia ndani. Udaktari una masharti yake ya ziada, na wenye A na B wanaomba nafasi hizo hizo.

Kwa hiyo fungua mwongozo wa TCU usome masharti ya kozi, usiishie kwenye jina la chuo. Weka kozi moja ya ndoto, mbili zinazolingana kabisa na pointi zako, na moja ambayo huna wasiwasi nayo. Wala usidharau stashahada. Utabibu ni miaka 3, na ukifaulu vizuri unaweza kuomba shahada baadaye.

Katika Mathayo 25, yule bwana aliwapa watumishi talanta kila mmoja kwa uwezo wake. Aliyepewa mbili hakuulizwa kwa nini hana tano. Alisifiwa sawa na mwenzake.

2. Hesabu miaka yote

Kigangoni kwetu namfahamu mzee aliyeuza ng'ombe ili mwanawe aanze chuo cha mbali. Mwaka wa pili kijana akarudi nyumbani. Hakufeli mtihani hata mmoja, ila ada iliisha. Na nyuma yake kulikuwa na wadogo wawili wa sekondari.

Chukua daftari. Andika ada, chumba, chakula, nauli, vifaa na michango. Kisha zidisha: ualimu miaka 3, uhandisi 4, udaktari 5. Kusoma Mwanza ukilala kwa shangazi si sawa na kupanga geto Dar es Salaam, hata kama kozi ni ile ile. Na usidhani chuo cha Kanisa lazima kiwe rahisi. SAUT ya Mwanza au Mwenge ya Moshi navyo vinaendeshwa kwa ada. Linganisha namba.

3. Mkopo ni deni

Omba mkopo wa Bodi mapema, vyeti vikiwa kamili. Lakini usipange maisha kana kwamba utapata asilimia 100. Wapo wanaopata sehemu tu, wapo wanaokosa. Na ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa hadi deni liishe. Jiulize: wakinipa nusu, nusu nyingine inatoka wapi? Kama jibu ni "Mungu atajua", rudi kwenye ule mnara. Mungu anajua, ndiyo maana amekupa akili ya kuhesabu.

Najua inauma kuacha chuo ulichokitaja tangu kidato cha kwanza. Lakini wito wako hauko kwenye jina lililoandikwa getini. Mtakatifu Yosefu wa Cupertino alihangaika sana na masomo, na leo ndiye msimamizi wa wanafunzi wanaofanya mitihani.

Kazi ya wiki hii

- Soma Luka 14:28-30 polepole, kisha jumlisha pointi zako.
- Andika gharama zote za vyuo vitatu.
- Kaa na wazazi au walezi, waoneshe daftari. Uliza: "Baba, mama, tunaweza kufika mwisho?" Usikilize jibu bila kununa.

Halafu salini pamoja fungu moja la rozari. Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaombee.