Dhahabu kwa Kipato cha Kawaida: Mwongozo wa Kununua Sarafu na Vipande Vidogo

Utangulizi

Katika pwani ya Afrika Mashariki dhahabu imekuwa akiba ya familia kwa muda mrefu, hasa kwa njia ya bangili, vidani na pete ambazo mwanamke hupewa katika ndoa na ambazo huuzwa au kuwekwa rehani shida inapobisha hodi. Sarafu na vipande vidogo vya dhahabu hufanya kazi hiyohiyo ya akiba, ila thamani yake hutegemea zaidi uzito na usafi wa madini yenyewe, wakati bei ya pambo hubeba pia ujira wa sonara, ambao kwa kawaida haurudi pambo linapouzwa. Kijitabu hiki kimekusudiwa mtu mwenye kipato cha kawaida, na hoja yake kuu ni kwamba hasara ya mnunuzi mdogo huanzia siku ya kununua, katika tofauti iliyopo kati ya bei anayolipa na bei ambayo angelipwa kama angekirudisha kitu hichohicho sokoni.

1. Usafi na uzito

Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, yaani sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu tupu, au kwa sehemu katika elfu moja, ambazo ndizo tarakimu zinazopigwa muhuri juu ya bidhaa. Karati 24 huandikwa 999 au 999.9, karati 22 huandikwa 916, karati 21 huandikwa 875, na karati 18 huandikwa 750. Uzito hutajwa kwa gramu au kwa wakia, na wakia inayotumika katika biashara ya dhahabu ni ya gramu 31.1, nayo ni nzito kuliko wakia ya kawaida ya gramu 28.35. Katika masoko ya Dubai na Bara Hindi hutumika pia tola, ambayo ni takriban gramu 11.66.

Mnunuzi anapaswa kutofautisha uzito wa sarafu nzima na uzito wa dhahabu iliyomo ndani yake. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, ni ya karati 22 iliyochanganywa na shaba ili iwe ngumu, lakini sarafu ya wakia moja ina uzito wa gramu 33.93, kwa hiyo dhahabu tupu iliyomo hutimia wakia moja kamili. Sarafu ndogo za aina hiyo, ikiwamo ya sehemu moja ya kumi ya wakia yenye gramu 3.11 za dhahabu tupu, zilianza kutolewa mwaka 1980. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, ijulikanayo kama Sovereign, ina uzito wa gramu 7.99 na dhahabu tupu gramu 7.32, na nusu yake ina nusu ya kiasi hicho.

2. Bei inavyojengwa

Bei ya msingi ya dhahabu hutangazwa London mara mbili kila siku ya kazi, kwa dola za Marekani kwa wakia, na muuzaji huongeza juu yake gharama za utengenezaji, usafirishaji, bima na faida yake. Kiasi hicho cha juu huitwa hapa nyongeza, na ndicho kinachopaswa kuchunguzwa kwa makini zaidi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gramu moja ya dhahabu tupu ni shilingi 300,000 za Tanzania. Dhahabu iliyomo katika Sovereign moja ingekuwa na thamani ya shilingi 2,196,000, na muuzaji anayetaka shilingi 2,350,000 angekuwa ameweka nyongeza ya asilimia 7. Iwapo muuzaji huyohuyo hununua sarafu ya aina hiyo kwa shilingi 2,130,000, basi bei yake ya kununulia italazimika kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kabla mwenye sarafu hajarudisha fedha alizotoa.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei ya sarafu peke yake, bali liwe pia bei ambayo duka hilo hununulia sarafu ya namna hiyo siku hiyohiyo, na duka linalokataa kujibu swali hilo halifai kupewa akiba ya mtu.

3. Kuchagua ukubwa na aina

Kazi ya kuyeyusha, kupiga muhuri na kufungasha kipande cha gramu 1 haitofautiani sana na ile ya kipande cha gramu 10, kwa hiyo nyongeza kwa kila gramu huwa kubwa zaidi kipande kinapokuwa kidogo, sawa na sukari ya kufunga katika vipakiti inavyomgharimu mlaji kuliko ya kilo. Ni afadhali mtu aweke fedha kidogokidogo hadi afikie kipande cha gramu 5 au 10, au nusu ya Sovereign, kuliko kununua vipande vitano vya gramu moja moja. Hata hivyo, kipande kikubwa sana nacho kina ubaya wake, kwani hakiwezi kukatwa pale mwenye nacho anapohitaji fedha za karo tu.

Sarafu zinazojulikana duniani kote huuzika kwa urahisi kuliko medali za kumbukumbu, ambazo nyongeza yake huwa kubwa na wanunuzi wake wachache. Kwa wanaonunua Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hupita, ni vyema kujua kwamba dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha sifuri, ilhali mapambo hutozwa asilimia 5. Mwenye kurudi nayo nyumbani aitangaze forodhani na awe na stakabadhi mkononi.

4. Kuhakiki kilichonunuliwa

Dhahabu ni nzito mno kwa ukubwa wake, kwani sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, ambapo ya risasi ina gramu 11.3 tu. Kutokana na sifa hiyo, mizani ya kielektroniki na rula ya kupimia kipenyo hufichua sarafu nyingi za bandia: Sovereign halisi ina kipenyo cha milimita 22 na unene wa takriban milimita 1.5, na sarafu ya shaba nyeupe au shaba ya njano yenye vipimo hivyo ingekuwa na karibu nusu tu ya uzito unaotakiwa. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba wala risasi pia, kwa hiyo jaribio hilo peke yake halithibitishi chochote. Mashine za eksirei walizo nazo baadhi ya masonara na wanunuzi wa madini hupima usafi wa tabaka la juu, nazo hutoa ushahidi mzuri zikiunganishwa na vipimo vya uzito na ukubwa.

5. Mahali pa kununua

Nchini Tanzania biashara ya madini husimamiwa na Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, na kuanzia mwaka 2019 yamefunguliwa masoko rasmi ya madini, likiwamo la Geita. Mwananchi asiye na leseni hapaswi kununua mchanga wa dhahabu wala dhahabu ghafi kutoka kwa mchimbaji au dalali wa mtaani, kwa kuwa anaweza kuvunja sheria hata pale dhahabu yenyewe inapokuwa halisi. Nchini Kenya vyombo vya usalama vimetoa tahadhari mara kwa mara kuhusu matapeli wanaouza dhahabu bandia, na wengi wao huanza kwa kutaja bei iliyo chini sana ya bei ya soko. Muuzaji halali hana sababu ya kuuza kwa bei hiyo wakati mnunuzi wa pili atamlipa bei kamili. Stakabadhi itaje uzito, usafi, jina la mtengenezaji na namba ya kipande ikiwa ipo.

6. Kutunza na kuuza

Dhahabu haizai riba wala gawio, na bei yake hushuka pia. Mwezi Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850, mwaka 1999 ikashuka hadi karibu dola 250, na haikurejea kiwango cha mwaka 1980 hadi Januari 2008. Kwa hiyo haifai kununuliwa kwa mkopo, wala kwa fedha za kodi ya nyumba, chakula au matibabu. Sarafu isisuguliwe, kipande kisitolewe katika kifungashio chake, na mtu mmoja anayeaminika ajue mahali ilipo akiba hiyo, ikiwezekana kwa kuandikwa katika wasia. Kwa Mwislamu, dhahabu iliyofikia nisabu, ambayo wanazuoni wengi huikadiria kuwa gramu 85, na kutimiza mwaka, hutolewa zaka ya asilimia 2.5.

Hitimisho

Mnunuzi mdogo hana uwezo wa kuamua bei ya dunia, lakini ana uwezo kamili wa kujua uzito, kuthibitisha usafi, kulinganisha nyongeza za maduka mawili au matatu na kudai stakabadhi. Kila mwananchi anayekusudia kuweka akiba kwa njia hii anahimizwa kwanza atenge fedha za dharura, kisha apige hesabu ya gramu kwa gramu kabla ya kulipa, na aondoke dukani bila kununua pale hesabu inapokataa.